Taa ya Mzee na Neno POTI

Jumatatu, 11 Agosti
Mama ametangaza. Jumapili ni ibada ya kumkumbuka Mzee, baba yetu, miaka miwili tangu atuache. Pikipiki yake ya Kiingereza, aliyoendea kazi ya kupima majani chai kabla sijazaliwa, itakuwa ya mwana atakayeifikisha kanisani taa ikiwaka. Mimi, Robert, kifungua mimba, nina hadi Ijumaa kuiwasha taa hiyo iliyokufa. Nikishindwa, anaingia Kimutai. Kimutai! Mdogo wangu, bodaboda wa steji ya Ndanai, anajiona fundi kwa kubadilisha plagi. Mama anasema zamani akiiona ile taa kwenye kona, alikuwa anaweka chai motoni. Nilitokwa na machozi kidogo. Kisha nikaficha funguo.

Jumanne, 12 Agosti
Betri mpya ninayo. Waya mbili, zote nyeusi kwa uzee. Moja imefungwa kwenye fremu, nyingine inaenda kwa fyuzi. Plasi ya betri iende kwa ipi? Baba hakuniacha gizani. Ndani ya kifuniko cha betri ameandika kwa rangi nyeupe, mwandiko wake kabisa: PLAS POTI. Niliwaza dakika nzima. Poti ni "positivu" kwa kifupi! Waya wa moto, yaani wa fyuzi. Na pikipiki zote za Ndanai, mainasi hukaa kwenye fremu. Nikaunganisha. Pah! Fyuzi imeungua. Fyuzi za siku hizi ni takataka.

Jumatano, 13 Agosti
Fyuzi ya pili, pah. Ya tatu, pah. Mama akauliza kama nimesoma alichoandika Mzee. Nikamjibu kwamba nimesoma hadi chuo. Nikanyoosha mkono kwenye kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda. "Usikuse!" Mama akausukuma mkono wangu. Eti ni ya wageni wa Jumapili.

Alhamisi, 14 Agosti
Ujanja! Irungu wa duka amenipa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Nimeikunja, nimeiweka mahali pa fyuzi. Haikuungua! Nilifurahi sekunde tatu. Kilichoungua ni waya. Moshi hadi barabarani. Kimutai alikuwa anapita na abiria, akapiga honi. Honi, kwenye msiba wangu! Abiria naye akacheka.

Ijumaa, 15 Agosti
Tochi. Nimeifunga ndani ya taa, nani atajua? Nikamwita Mama. Akaitazama kitambo. Akasema ya Mzee ilikuwa njano. Akaondoka bila kunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nimetoa tochi. Nimempelekea Kimutai funguo mwenyewe, na sikumwangalia usoni.

Jumamosi, 16 Agosti
Kimutai amebadilisha waya na fyuzi. Naye alitaka mainasi kwenye fremu. Nilianza kufurahi! Lakini lile neno lilimshinda, akamwita Mama. Mama akaja na unga mikononi, akasoma bila miwani.
"Plas poti. Si ni poti ya pikipiki?" Akaigonga fremu kwa kiganja.
Bodi! Mzee aliandika alivyotamka. Plasi kwenye bodi, kinyume na pikipiki zote ninazozijua. Kimutai akageuza waya. Taa ikawaka. Njano. Mama alirudi jikoni akaweka chai motoni. Tulilia wote, hata Kimutai, ingawa yeye anadai ni moshi wa kuni.

Jumapili, 17 Agosti
Kimutai aliendesha. Mimi nyuma, nimeshika kitabu cha nyimbo. Kanisa zima lilimpa Kimutai mkono. Mama akanionea huruma: pampu ya maji ya Mzee, iliyokufa zamani, ni yangu nikiifufua. Nimefungua sanduku la swichi sasa hivi. Mwandiko uleule, rangi ileile: USIKUSE. Kimutai akauliza kama amwite Mama. Wa nini? Mwandiko wa baba yangu naujua. Usiku. Hiyo "se" ya mwisho ni brashi iliyoteleza. Ni pampu ya kuwashwa usiku, basi. Nimeshavua viatu, maana hapa chini kuna maji. Nangoja tu jua litue.