Malalamiko Kuhusu Chumba Kilichoandikwa "Stoo ya Mashuka"

Wodi ya Watoto
Jumatatu asubuhi

Kwako Dokta Perfecto Sumagaysay, Mganga Mkuu, Kaka yangu uliyenitangulia chuoni,

Pokea salamu zangu za heshima. Naomba kile chumba cha ushauri nasaha wa siri kwa madaktari na wauguzi kifungwe mara moja. Miaka ishirini na saba nimetibu watoto hapa bila kumlalamikia mtu isipokuwa wapishi, kwa hiyo ujue hili limenifika shingoni.

1. Ulituahidi siri, ukabandika mlangoni kibao cha "Stoo ya Mashuka" ili anayeingia asishukiwe. Nami nikajitia ujanja, nikawa nakwenda na shuka mkononi. Mara ya tatu Sista Glenda, mkuu wa wodi, akanisifu mbele ya watu kwamba ndimi daktari pekee anayejali usafi. Sasa mimi ni mwenyekiti wa kamati ya mashuka. Sikuomba.

2. Kumbe ujanja huo si wangu peke yangu. Wiki iliyopita nilikutana mlangoni na Dokta Jhonalyn, yule binti niliyemfokea Februari alipolia wodini, nikamwambia daktari halii, daktari anajaza faili. Naye kabeba shuka. Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye banda moja la kuku. Akaniuliza taratibu, "Lako safi au chafu, Dokta?" Nikasema chafu. Akanipisha nitangulie. Huu ni utovu wa nidhamu, maana kijana hana ruhusa ya kumhurumia mkubwa wake.

3. Matokeo yake wodi haina mashuka. Waraka wako unaowashuku wafuaji ni uonevu mtupu. Wezi ni sisi.

4. Mshauri mwenyewe, Bi Corazon, hajui miiko yetu. Siku yake ya kuzaliwa alinipakulia pansit nikiwa zamu, na hapa hata mfagiaji anajua kwamba ukila tambi zile kazini, wagonjwa watamiminika. Nikala sahani mbili kwa adabu. Jioni wakaletwa watoto kumi na wanne wa homa ya dengi. Nikawahudumia wote, na mikono haikutetemeka hata kidogo, jambo ambalo halijanitokea tangu Februari na lilinitia wasiwasi mkubwa.

5. Hili ndilo baya kuliko yote. Nilikwenda kule kwa ajili ya rafiki yangu, daktari aliyefiwa Februari na mgonjwa wake, mtoto wa miaka sita, kitanda namba nne. Rafiki huyo sasa huingia wodini kwa mlango wa nyuma asikione kitanda kile, na ameshaandika barua ya kuacha kazi. Nilieleza kila kitu, pamoja na vipimo vya damu saa kwa saa. Bi Corazon akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyo rafiki yako analala kweli?" Nikalia, Kaka. Nililia nusu saa nzima, machozi nikayafutia shuka la serikali.

Sasa fikiria tunakokwenda. Bingwa akishalia, kesho atarudi nyumbani saa kumi kama watu, keshokutwa atasema "sijui" mbele ya wanafunzi, na mtondo atamwomba radhi Dokta Jhonalyn. Hospitali itabaki na nini? Kifunge kabla hatujaharibika wote.

Nisalimie shemeji Milagros na watoto, wapishi nao uwasalimie, nimewasamehe.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Dokta Florante Magbanua

Nyongeza: Ile barua ya kuacha kazi iliyo kwenye droo yako, ichane. Radhi nimeshaomba, jana. Halafu, Kaka, siku ile tulikuwa wawili pale kitandani, na wewe ndiye uliyemshika mama wa yule mtoto asianguke. Tangu hapo sijakuona wodini. Saa yangu kwa Bi Corazon ni Alhamisi, saa tisa. Wiki hii nenda wewe, mimi nitakushikia zamu.