Leso Kati Yangu na Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimenunua daftari hili ili kuwe na ushahidi. Katika boma hili jambo likiharibika ni mimi, likifaulu ni Okiria, mume wangu. Sasa itaandikwa.

Habari ya leo: Yvonne, binti yangu wa kwanza, anahamia Mombasa. Mumewe hupitisha mizigo ya malori forodhani hapa Malaba, na sasa kazi imempeleka bandarini. Mwisho wa mwezi wanaondoka na mjukuu wangu wa miaka minne. Yvonne aliniambia huku akinichambulia mboga. Nikasema vizuri sana, Mungu ni mwema. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikalia.

Umbali si neno. Neno ni mila. Kwetu sisi Wateso, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani uso. Hawagusani, hawali pamoja, hawatajani majina. Nyumbani kwa mkwe sikanyagi. Hapa Malaba haikunisumbua, kwa sababu Yvonne huja kwangu kila siku. Lakini Mombasa nitafikia wapi? Stesheni? Nikisema ukweli, nimempoteza mtoto.

Miaka mitano, na huyo kijana namjua kwa viatu tu. Vya kahawia, ncha ndefu. Akija, mimi naingia jikoni au kwenye mahindi. Jina lake siliandiki hata hapa. Nitamwita Viatu. Yeye naye ana shida yake: mtoto wao amepewa jina langu, Adeke, kwa hiyo hawezi kumwita bintiye mwenyewe. Anamwita Bosi.

Haya hiyo huondolewa. Mkwe analeta mbuzi, wazee wanakaa, maneno yanasemwa, mnasalimiana. Okiria amesema atalipanga baada ya mavuno. Mavuno gani? Tumevuna mara tisa!

Basi nimeamua. Kabla hawajaondoka, tutatembea familia nzima siku moja. Jiwe la Tororo, ule mlima wa mwamba! Nimelitazama ng'ambo ya mpaka kila asubuhi nikimwaga maji ya vyombo, miaka hamsini na tatu, na sijalipanda. Wifi yangu Aluka alilipanda mwaka jana na akina mama wa kanisa. Picha ameiweka sebuleni. Ukiingia kwake, picha kwanza, salamu baadaye.

Tatizo dogo: mwenye gari ni Viatu.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa kwanza: tuazime gari bila mwenyewe. Okiria ataendesha. Anadai aliwahi kuendesha trekta la chama cha pamba. Sikuuliza mwaka gani. Ni kosa langu, nakubali, la kwanza na la mwisho.

Yvonne akaleta gari na funguo. Okiria akaingia, akarekebisha kofia, akarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Akabeba kamba ya nguo. Hakusimama, kwa sababu alikuwa anatafuta breki kwa mguu usiofaa. Gauni langu la ndani, lile la rangi ya waridi, lilifika barabara ya Amagoro likipepea. Vijana wa bodaboda wakapiga saluti.

Okiria amesema gari hilo lina kasoro. Nimemwambia kasoro nimeiona, ilikuwa imevaa kofia.

Aluka alipita jioni kunipa pole. Pole gani ya mtu anayecheka mpaka anashika ukuta? Akasema Jiwe si la kila mtu, hasa mwenye goti kama langu. Goti langu! Nitalipanda hata kwa makalio.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango wa pili. Huu ni wa akili.

Mila inasema tusionane. Haisemi tusipande gari moja. Nimeipitia kichwani mara tatu, sijapata mahali inapotaja gari. Basi tutatundika leso kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Mbele Viatu na Okiria. Nyuma mimi, Yvonne na mtoto. Kuna kile kioo cha dereva cha kutazama nyuma, nacho tutakivisha soksi ya Okiria. Safi, imefuliwa.

Nikaenda kwa Janat, yule anayeuza leso karibu na kituo cha malori. Nikamwambia nataka nzito, isiyopitisha mwanga. Akanichagulia moja ya zambarau iliyoandikwa SIKUONI LAKINI NAKUJUA. Nikaisoma mara mbili. Nikaichukua bila kubishana bei, mpaka Janat mwenyewe akashtuka.

Yvonne alipopeleka ujumbe, Viatu aliuliza tu kama soksi ni lazima. Ni lazima.

Aluka akaja tena. Huyu mwanamke hana jiko kwake? Akatangaza kwamba leso si ukuta. Enzi za bibi yetu, mama mkwe akikutana na mkwe njiani alijirusha kwenye miiba. Nikamwambia miiba bado ipo nyuma ya zizi, anaweza kuanza yeye.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye furaha, ilikuwepo.

Saa mbili asubuhi tuliondoka. Kuku wawili wa kuchemsha, atap, ugali wetu wa mtama, kwenye kibuyu, chai kwenye chupa. Leso imebanwa kwa vibanio vya nguo, soksi iko mahali pake. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, tukatambaa. Yvonne akaweka kichwa begani mwangu kama alipokuwa darasa la tatu. Mtoto amelala mapajani. Harufu ya nywele zake! Ng'ambo ya leso Viatu alikohoa kidogo, kwa heshima. Nikafikiri: jamani, hata tusifike, leo nimeshashiba.

Mungu akanisikia vibaya.

Pale mpakani afisa kijana, Mswahili wa Pwani, akainama dirishani. Akaona leso. Akaona kioo kimevaa soksi. Akamtaka dereva asogee pembeni, azime gari.

Akamuuliza Viatu nyuma kuna nani. Viatu akajibu ni mtu wa nyumbani. Afisa akataka jina. Viatu akakohoa. Akamuuliza kama halijui. Viatu akasema analijua sana. Basi alitaje. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayezama, "Afande, hilo siwezi."

Ikawa zamu yangu. Afisa akauliza kupitia leso kama namfahamu dereva. Nikamwambia ni mume wa binti yangu. Jina lake? Nikamwambia siwezi.

"Mama, nyinyi mnajuana ama mmeokotana?"

Yvonne alijaribu kueleza, akaambiwa asubiri, hajaulizwa. Na Okiria, mtu mwingine katika gari lile anayeweza kutaja kila jina bila dhambi? Hayupo! Ameshuka kumsalimia mtu wa ukoo wao kwenye foleni. Huyo mtu, nina hakika, si wa ukoo wao.

Afisa akasema wote tuteremke na vitambulisho. Yvonne akashuka upande wake kuvitafuta kwenye mkoba uliokuwa sehemu ya mizigo. Mimi nikajifunika khanga kichwani, natafuta njia ya kushuka bila kuonekana, na katika hangaiko hilo nikamwachia mtoto. Alikuwa ameamka. Kulikuwa na bata wa mtu kando ya barabara. Akamfuata. Na foleni ikaanza kusonga.

Nilisikia sauti ya kiume ikipasua hewa: "Adeke! Adeke! Simama!"

Miaka mitano sauti ile haijawahi kulitamka jina langu. Nilidhani mbingu zimeanguka. Kisha nikaona sketi ndogo ya njano mbele ya gurudumu linalonizidi urefu.

Goti nililisahau. Leso niliipasua. Sijui nani alifika kwanza, ila mkono mmoja wa mtoto niliushika mimi na juu ya mkono wangu ulikuwa mkono wa Viatu. Tukavuta pamoja, tukaanguka pamoja. Lori likapita. Bata akapita pia, bila haraka.

Nikamtazama usoni. Sikuweza kutotazama. Ana masikio makubwa na pengo dogo la meno, na alikuwa analia kama mtoto. Mimi pia.

Halafu tukakumbuka. Yeye akajifunika uso kwa mikono, akakimbilia nyuma ya lori la chumvi. Mimi nikakimbilia nyuma ya kibanda cha soda. Afisa akasimama katikati akiuliza ni yupi kati yetu anapaswa kumkamata. Hapo ndipo Okiria alirudi na mahindi ya kuchoma, akauliza mbona hatupo ndani ya gari.

Alitaja majina yote kwa dakika moja. Afisa akatupa ruhusa ya kuendelea, akaomba tu soksi itolewe. Lakini Viatu akamwambia Okiria kwamba atakachoweza leo ni kuturudisha nyumbani tu. Tukala kuku pale pale kando ya barabara, mimi nikiwa nimewapa mgongo. Jiwe lilikuwa mbele yangu, kubwa, limetulia. Nikalikazia macho mpaka nikamaliza paja.

Jumapili, 10 Agosti

Aluka alijua kabla ya misa. Alinisubiri mlangoni mwa kanisa, amevaa uso wa msiba. Nimevunja mila ya mababu. Nimetazama, nimeguswa, nimeitwa kwa jina. Mtoto ataugua. Ng'ombe wataharibu mimba.

Nikamjibu mbele ya watu, sikupunguza sauti. Mtoto yuko hai. Kama kuna babu aliyetaka nikae nyuma ya leso kwa heshima huku mjukuu akisagwa, anijie ndotoni aniambie mwenyewe, nina maneno yake. Akina mama wawili walipiga makofi. Katekista akatuomba tuingie.

Baada ya misa Mzee Olinga, mkubwa wa ukoo wa Okiria, aliitwa kuamua. Aluka alimsimulia kwa dakika ishirini. Mzee akasikiliza, akajisafisha sikio, akauliza swali moja tu: yule mbuzi wa kuondoa haya aliletwa lini? Kila mtu akamgeukia Okiria. Okiria akaanza kueleza habari za mavuno. Mzee akamwambia, "Wewe ndio mila inakungojea, si huyu mama."

Niandike tena. Wewe ndio mila inakungojea! Nitaifuma kwenye kitambaa cha kochi.

Jumamosi, 16 Agosti

Mbuzi ameletwa. Mweupe, mnene, hana neno.

Nilikaa kwenye kiti, yeye kwenye kiti, katikati hakuna kitu. Mzee akasema maneno yake, maji yakanyunyizwa, akatuambia tusalimiane. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Akanisalimu kwa Kiteso, "Yoga, mama." Nikamjibu yoga. Kisha nikalitamka jina lake mara ya kwanza, polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Callistus.

Callistus, Callistus. Nimeliandika na kalamu haijavunjika.

Sasa tatizo jipya. Anaongea! Maneno ya miaka mitano ya kunyamaza aliyamimina yote leo. Alinieleza aina za makontena, ya futi ishirini na ya futi arobaini, na yale yenye barafu ndani. Saa nzima na nusu. Nilijikuta natafuta leso kwa macho. Lakini alimwita mtoto wake Adeke mbele yangu, na mtoto akageuka akamtazama kwa mshangao, na hapo nilimsamehe makontena yote.

Aluka, mtetezi wa mila, alikula nyama kuliko wazee. Alibeba na kichwa cha mbuzi.

Yvonne amesema sasa naweza kwenda kwao bila kujificha. Mlango wa mbele, kiti cha mbele. Wameomba kitu kimoja tu: nisubiri mpaka Desemba, nyumba itulie, wapate kitanda cha wageni. Nikasema sawa. Nilisema mbele ya Mzee Olinga na mbuzi.

Alhamisi, 28 Agosti

Wameondoka alfajiri na gari lao. Nililia vizuri, nikapunga mkono mpaka wakapotea. Callistus alipiga honi mara mbili. Aluka akasema nimeonyesha ukomavu.

Saa nne likaondoka lori la vyombo vyao. Mimi nimo.

Nimekaa mbele na dereva, kijana mpole aitwaye Willis, ambaye ameambiwa kwamba kila kitu kimepangwa. Kimepangwa, nimekipanga. Okiria ameambiwa naenda Nangina kumwona shangazi mgonjwa, siku mbili. Nimebeba unga wa mtama, majogoo wawili na nguo za kunifikisha Pasaka. Kwenye kochi la Yvonne nitalala vizuri tu. Kitanda cha wageni ni cha wageni.

Najua ningeweza kuomba. Ruhusa ninayo, mbuzi ameliwa, hakuna mila inayonizuia tena duniani. Lakini Desemba! Miezi mitatu na zaidi! Ukiomba unaambiwa subiri. Ukifika, unaambiwa karibu. Na nikiwa nyuma yao kwa saa chache tu watakuwa bado wamechoka, hawana nguvu za kunirudisha.

Tumepita Webuye. Yvonne amepiga simu sasa hivi kuuliza kama naendelea vizuri, kama nimekula, niko wapi. Nikamwambia niko jikoni, nakoroga. Hapo hapo Willis akapiga honi ndefu ya lori. Yvonne akauliza ni nini hiyo. Nikamwambia ni fahali wa jirani.

Akauliza jirani amepata lini fahali. Nikamwambia leo asubuhi, na kwamba ni mkali sana.