Mtoto wa Ukuta wa Maktaba

Jumatatu, 3 Machi
Baraza la mji limeamka. Ukuta wa maktaba utachorwa mwanamke aliyeutumikia mji. Ni haki. Sanamu zetu zote ni wanaume: jenerali, meya, tajiri wa pamba. Hata farasi wa jenerali ni dume. Mwanamke pekee ni yule wa chemchemi mwenye mtungi, na hana jina.

Nimeshampata wa kuchorwa: mama yangu, mshonaji wa sare za shule. Achorwe na mtoto mgongoni. Mtoto lazima awe na sura. Sura ya nani, sijasema. Mke wangu kauliza kama mama anajua. Maswali yake hayajengi.

Jumatano, 5 Machi
Usaliti. Nimemsifu mama mkutanoni mpaka sauti ikanikauka. Akasimama. Nikadhani anashukuru.

"Mimi nimeshona tu," akasema. "Nusu yenu humu mmepokewa na Mkunga. Mnamtafuta nani tena?"

Wanawake wote wakanyoosha mikono, kisha wanaume. Kinyozi, jirani yangu na adui yangu, kanyoosha miwili. Mkunga mwenyewe, siku hizi mstaafu, alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Akajifunika uso kwa mtandio. Nami nikanyoosha wangu, maana mama alikuwa ananitazama.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeamka na jibu. Mkunga bila mtoto ni mama tu aliyekunja mikono. Nikampelekea mchoraji picha yangu ya utotoni. Ninayo moja: nina miaka sita na pengo.

Mchoraji, binti mwenye rangi mpaka kwenye kope, akateremka jukwaani. Akasema nimechelewa, Mkunga ameshachagua mtoto. Wa nani? Wa mshonaji wa sare. Uzazi mgumu kuliko wote aliowahi kupokea. Nusura mama na mtoto waende pamoja.

Mtoto huyo ni mimi. Nikakaa juu ya debe la rangi. Lilikuwa wazi.

Nimemuuliza mama. Akasema ndiyo, na kwamba Mkunga hakubanduka kando yake mpaka niliposikika nikilia. Hakuwahi kuniambia.

Jumapili, 9 Machi
Uzinduzi. Nimevaa suti. Turubai likashuka, na Mkunga akatokea, mrefu kama ghorofa mbili, mikono imara, jina lake kwa herufi zinazomzidi jenerali mwenyewe. Vigelegele mtaa mzima. Mama na Mkunga wakakumbatiana wakilia. Mimi pia kidogo. Vumbi.

Kisha nikamtazama mtoto. Kashikwa miguu, kichwa chini, mgongo ukiitazama barabara. Mchoraji akanieleza kwa upole kwamba nilizaliwa nikitanguliza makalio, na Mkunga alitaka ukweli. Makalio yenyewe yana upana wa mlango.

Kinyozi akasema kanitambua mara moja. Acheke. Duka lake linatazamana na ukuta ule, na dirisha lake ni moja. Atanitazama hivyo mpaka azeeke. Nimeshinda.

Jumatatu, 10 Machi
Habari njema. Ukuta wa stendi utachorwa mwalimu mkuu wetu wa zamani, yule mama aliyetufundisha hesabu. Mwalimu hachorwi bila mwanafunzi. Nimekimbilia kwake kumkumbusha habari zangu. Mke wangu kanisihi nisiende.

Mwalimu akasema ananikumbuka vizuri sana, na anajua hasa ni siku yangu ipi ya darasani itakayochorwa. Akatabasamu. Mambo yamenyooka.