Hisa Elfu Sita za Feni Nisizokuwa Nazo

Jumatatu, 20 Machi

Leo nimeuza hisa elfu sita ambazo sina. Ni halali kabisa. Unaziazima kwa wakala, unaziuza kwa bei ya leo, unakaa unangoja bei ianguke. Ikianguka unanunua nyingine kwa bei ya kutupwa, unarudisha ulizoazima. Kinachobaki ni chako. Nashangaa kwa nini watu wengine wanafanya kazi.

Kampuni yenyewe ni ya feni, Mbayuwayu Wawili. Yuan arobaini kwa hisa. Hapa Tainan nani bado ananunua feni? Kila nyumba ina kiyoyozi. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Watu wananifungulia vinywa, najua wanavyoishi.

Wakala alitaka dhamana. Nimeweka fedha za safari ya Hokkaido. Mke wangu Yuexia na dada zake wawili wamechanga miaka mitatu wakaone theluji, laki mbili na ishirini elfu. Alinikabidhi nikalipie ofisi ya safari kabla ya tarehe 31. Zitakwenda matembezi kidogo, zirudi zimenenepa.

Dada Kang wa dirishani kwa wakala alinikumbusha kuwa hisa za kuazima lazima zirudishwe Alhamisi ya tarehe 30, maana kampuni inafunga daftari la wenye hisa kabla ya mkutano mkuu. Nilimjibu kwamba kufikia hapo nitakuwa nimelisahau hata jina la kampuni.

Jumanne, 21 Machi

Thelathini na tisa! Faida ya elfu sita, na chai sijamaliza.

Kwenye ukumbi wa wakala nilimkuta Bi Yuno, muuza uji wa samaki. Kila siku saa mbili na nusu asubuhi anafunika sufuria yake, anakuja kukalia kiti cha mbele chini ya kioo cha bei, kiti ambacho mtu wa heshima zangu ndiye angekikalia. Marehemu mumewe alimwachia hisa elfu ishirini za Mbayuwayu Wawili. Haziuzi, hazigusi. Anangoja zawadi ya mkutano mkuu tu. Mwaka huu ni kikaango.

Nilimshauri kwa wema auze. Akauliza feni zimenikosea nini. Nikamweleza kitaalamu, wastaafu wote wanaoshinda ukumbini wakisikia, kwamba nimeziuza bila kuwa nazo. Wote wakageuka kunitazama. Nadhani walivutiwa.

Ijumaa, 24 Machi

Arobaini na tatu. Soko linapumua tu.

Bi Yuno amekuwa mtafiti. Alimwomba Dada Kang orodha ya hisa zilizoazimwa, ile inayotolewa kila siku, akavaa miwani, akasoma kwa kidole. Kumbe si mimi peke yangu. Hisa za Mbayuwayu Wawili zilizoazimwa ni mamilioni, na wote tulioazima lazima tununue kufikia Alhamisi. Akawatangazia wastaafu kwamba wiki ijayo kuna watu watanunua feni wapende wasipende. Mzee mmoja aliyekuwa amelala akaamka, akaenda dirishani kununua.

Nimefurahi kusikia tuko wengi. Watu wengi wenye akili hawawezi kukosea pamoja.

Jumatatu, 27 Machi

Arobaini na saba na senti thelathini. Kioo chekundu, na kwetu nyekundu ni kupanda. Sheria hairuhusu bei kupanda zaidi ya asilimia kumi kwa siku, basi dakika ya tatu tu ikagonga dari, ikakwama hapo. Wanaotaka kununua ni foleni ndefu. Anayeuza hakuna hata mmoja. Wenye hisa wanangoja vikaango vyao.

Nilimfuata Bi Yuno kwenye uji wake, nikala bakuli mbili kwa adabu, nikamwomba auze kidogo tu, kwa ujirani. Alikuwa anakoroga. Hakuinua kichwa.

“Fundi, juzi uliniambia hizi takataka. Sasa mtu mzima unatafuta takataka ya nini?”

Akatabasamu kwa meno niliyomtengenezea mimi. Kazi safi sana, lazima nikiri.

Jumatano, 29 Machi

Jana hamsini na mbili. Leo hamsini na saba na ushee. Dari, dari tena.

Saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa ukumbini na oda yangu ya kununua. Dada Kang akaitazama foleni kwenye kompyuta yake, akaniambia kwa upole kwamba mbele yangu kuna oda elfu tisa. Nikamuuliza kama kuna foleni ya mafundi. Hakuna.

Nilijaribu mbinu. Nilisimama katikati ya ukumbi nikapiga simu kwa mtu ambaye hayupo, nikasema kwa sauti kwamba kiwanda cha feni kimeungua. Wastaafu walinitazama kwa huruma. Mmoja alinisogezea kiti.

Nyumbani Yuexia alikuwa anajaribu koti la theluji aliloazima kwa jirani. Aliniuliza kama nimeshalipa. Nikamjibu mambo yanakwenda. Kweli yanakwenda.

Alhamisi, 30 Machi

Imekwisha. Asubuhi bei ilifunguka juu, watu wakaanza kuuza, nami nikasema nisubiri ishuke kidogo. Ofisi ya wakala haikusubiri. Siku ya mwisho wana haki ya kukununulia kwa nguvu, nao walininunulia kwa sitini na mbili. Nimepoteza laki moja na thelathini na mbili elfu. Nilikaa kwenye ngazi za nje mpaka miguu ikafa ganzi.

Bi Yuno hakucheka. Ningependa angecheka. Alikuja akaniwekea mkononi andazi la mvuke, akaondoka.

Jumatano, 5 Aprili

Sikukuu ya kusafisha makaburi. Nilikuwa nimepanga kusema baadaye, lakini ofisi ya safari ilimpigia simu Yuexia tukiwa tunang’oa majani kwenye kaburi la baba yake. Basi nikasema, mbele ya dada zake, mbele ya udi, na mbele ya baba mkwe aliyekuwa hanipendi hata alipokuwa hai.

Nilieleza vizuri sana. Nilichora hata mchoro mchangani. Dada mkubwa alikwenda kukaa peke yake kwenye kaburi la jirani. Yuexia alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono.

“Baba Peizhen,” alisema, “umeuza kitu ambacho si chako, ukakinunua ghali, ukamrudishia mtu usiyemjua. Na mimi ndiye nisiyekwenda.”

Chapati za sikukuu nilikula moja tu, na kwa kawaida nakula sita.

Fedha zilizobaki wamezichukua. Watakwenda kwenye chemchemi za maji ya moto za Guanziling, kilomita hamsini kutoka hapa. Theluji hakuna. Tope lipo, na wanasema linalainisha ngozi. Mimi sijaalikwa.

Jumatatu, 17 Aprili

Thelathini na saba! Feni za Mbayuwayu Wawili ni yuan thelathini na saba! Tangu wote waliobanwa walipomaliza kununua, bei imeporomoka bila breki. Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilipishana na ukweli kwa wiki mbili na nusu tu. Nilimpigia Yuexia kule kwenye tope nimwambie. Akakata simu. Mtandao wa milimani ni mbovu.

Mtu aliyekwisha kuthibitishwa kuwa sahihi hawezi kukaa bure. Nimeikagua akiba ya tanuri jipya la kuchomea meno karakanani, na nimeona tanuri la zamani bado linachoma. Safari hii nimechagua kampuni ambayo haina kikaango, haina wajane. Ni ya miavuli. Tainan haijaona mvua ya maana tangu Septemba, mabwawa yamebaki nyufa, manispaa inatugawia maji kwa zamu. Nani atanunua mwavuli?

Nimeazima elfu nane, nikaziuza zote kabla ya saa nne asubuhi. Nimerudi karakana, nimekaa kwa raha, naandika haya.

Kuna kitu kinagonga bati. Si kitu, matone machache tu.