Honi ya Bibi Arusi

Jumapili, 4 Mei 2025

Honi imekufa! Alhamisi binti yangu Rabab anaolewa, na tangu mdogo amekuwa akisema atatoka nyumbani ndani ya gari langu la mwaka sitini na sita. Lakini hapa Aleksandria bibi arusi hapelekwi kimyakimya kama maiti. Honi lazima ilie njia nzima. Mamduh, kaka wa mke wangu, kajileta na gari lake jipya jeupe, eti atambeba yeye. Nani kamwomba? Nikamwambia asijisumbue, shemeji, hii ni kazi ndogo. Nikafungua usukani. Tatizo nikaliona papo hapo: waya umelegea kwa sababu ya skrubu moja tu. Nikaishika. Ikaniponyoka, ikalia ti, ti, ti, ikazama nyuma ya dashibodi. Si neno.

Jumatatu, 5 Mei

Chingamu kwenye ncha ya kijiti! Nimetafuna pakiti nzima, taya zinauma. Kijiti kiliingia vizuri, kikatoka vizuri. Chingamu imebaki ndani. Najwa, mke wangu, akauliza sasa natafuta vitu vingapi. Baadaye Rabab akaja, akaniambia kwa upole, Baba, isipolia kufikia Alhamisi nitapanda gari la mjomba. Kwa upole! Heri angenizaba kofi. Niliumia, sitaki kusema uongo.

Jumanne, 6 Mei

Sumaku! Nimeipasua spika ya redio ya Najwa (ataelewa akiona matokeo), nikaichomoa sumaku, nikaifunga kamba, nikaishusha. Ikanasa! Nikavuta taratibu, nimebana pumzi. Kizibo cha soda. Nikashusha tena: kibanio cha nywele. Mara ya tatu sumaku ikang'ang'ania chuma cha usukani, kamba ikakatika. Mamduh alikuwa amesimama dirishani anakunywa chai yangu. Akasema nikiendelea hivi gari litajaa, bibi arusi itabidi akae juu ya paa. Mtu hana haya, na sukari kajiongezea.

Jumatano, 7 Mei

Mkahawani kila mtu ni fundi. Huyu anasema nipulize kwa pampu, yule nimwage mafuta, wakakaribia kushikana mashati. Mimi nikasema dawa ni kuliinua gari na kulitikisa. Wakaja na bilauri zao za chai mkononi, maana chai haiachwi ikapoa. Tukainua upande mmoja, tukatikisa. Ti, ti. Kimya. Halafu honi ikalia! Ikalia, ikalia, haikunyamaza. Skrubu imekwama kati ya nyaya, sijui wapi. Nikichomoa waya wa betri inanyamaza, lakini gari nalo haliwaki. Najwa kaziba masikio. Mimi nilicheza katikati ya barabara.

Alhamisi, 8 Mei

Mwanangu nimemtoa kwa honi isiyokata pumzi! Roshani zote zilijaa watu. Wanawake walipiga vigelegele, ingawa hakuna aliyevisikia. Mamduh alikuwa nyuma yetu anapiga honi yake, anapiga, nani amsikie? Rabab alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Tulipofika alinibusu mkono, akanipigia ukelele sikioni kwamba hakuna baba kama mimi. Nadhani ndivyo alivyosema.

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya swala Mamduh kaja, mpole kama kondoo. Taa ya nyuma ya gari lake jipya haiwaki, na jana kaona mwenyewe kwamba mkono wangu una baraka. Nikamwambia aache funguo, shemeji, akalale. Safari hii sidondoshi kitu: kila skrubu niliyofungua niliitia kinywani. Akili ni mali! Kazi ilikwenda kama maji. Alasiri imamu akapita, akanikuta nimeinamia tundu la taa, akanisalimia. Salamu ya Mungu haiachwi hewani. Nikamwitikia yote, na rehema na baraka, kwa kinywa kipana.

Moja nadhani nimeimeza. Nyingine zimo ndani ya gari. Nimemtumia Mamduh ujumbe: kazi ndogo tu, kesho inshallah.