Ratili Mia na Sitini

Kimamba, Jumatatu, 13 Juni 1938

Leo ndege imetundikwa! Bwana Yorgo, Mgiriki meneja wa shamba letu, ameining'iniza kwa kamba ya mkonge kwenye boriti ya banda la brashi, panaposuguliwa katani. Mwaka mzima Simoni seremala amekuwa akiiunda kwa mbao na turubai, na mimi, karani wa mizani, nimepima kila kipande kabla hakijapigwa msumari. Bila mimi ndege isingekuwapo. Simoni anasema bila mimi ingekwisha mwezi wa pili. Wivu tu huo.

Inatundikwa ili ijulikane uzito umelalia wapi. Kamba imefungwa pale ambapo kitabu cha Bwana Yorgo kinasema ndege nzima itatulia sawasawa. Haikutulia. Pua ikaenda chini, mkia ukaenda juu. Injini ni ya motokaa kuukuu, nzito kupita kiasi. Bwana Yorgo akatueleza (niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejua zamani) kwamba uzito ukizidi mbele ndege inachimba ardhi, ukizidi nyuma inainua pua, inaishiwa nguvu na kudondoka. Dawa yake ni mtu. Kiti cha nyuma akae mtu wa ratili mia na sitini, asizidi, asipungue. Akauliza nani ana uzito huo.

Nikanyoosha mkono.

Nina ratili mia na kumi na nane, nikiwa na viatu.

Sikuwa na njia nyingine. Jana nilipeleka posa kwa Mzee Mathias, katekista, kumwomba binti yake Verdiana. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, nikaeleza haja yangu. Akapiga miayo! Nikaogopa, nikaropoka kwamba mimi ndiye nitakayeruka na Bwana Yorgo. Mzee akaamka kabisa. Akasema vema, Jumapili ijayo baada ya misa waumini wote watakuwa uwanjani. Akiniona juu, nirudi tuzungumze mahari. Asiponiona juu, nisikanyage tena kwake.

Verdiana alikuwa anapepeta mchele pale pale, hakuinua macho. Ni msichana mrefu, mwenye mikono ya kubeba gunia peke yake, na hacheki ovyo. Nampenda mpaka nakosea hesabu za marobota ya mkonge.

Jumanne, 14 Juni

Siku ya kula. Bi Joha jirani yangu amenisongea ugali wa sinia nzima, maharage ya nazi na kambale wawili. Nilinawa. Nikakunja mikono ya shati. Akatokea Samweli.

Samweli ni dereva wa lori la shamba. Huenda Mikumi kuchukua mbao na kurudi na hadithi za simba, ambazo kila safari simba wanaongezeka. Yeye Mhehe, mimi Mngoni. Babu zetu walipigana vita, kwa hiyo sisi ni watani, na mtani akikukuta unakula hangoji kukaribishwa. Alivuta sinia, akamaliza kila kitu, miiba ya kambale akanirudishia, huku akieleza kwa sauti ya mkutano kwamba Mngoni hakuzoea kula, alizoea kukimbia. Mtani hakasirikiwi. Ukinuna tu umeshindwa, na shamba zima litakucheka mpaka masika. Nikacheka pamoja na majirani waliojaa uani mpaka mashavu yakaniuma. Tumbo lilikuwa linalia.

Kibaya: naye amepeleka posa kwa Mzee Mathias. Kibaya zaidi: mwezi jana alipimwa hospitali, ana ratili mia na sitini kamili. Hata hakujitahidi!

Jioni nilikunywa maji mengi, nikajipima. Mia na ishirini na moja! Nikaenda chooni. Mia na kumi na nane.

Jumatano, 15 Juni

Akili imefanya kazi. Katika shamba hili nani mwenye mawe ya mizani? Mimi. Nina koti zito alilonipa padri mzee alipokuwa anarudi kwao. Kwa ndani nimelishonea mifuko ya gunia, nikatia mawe makubwa yote manne, ya ratili kumi kumi, na boliti za ratili mbili kukamilisha. Nikaenda kwa Bwana Yorgo polepole, kwa heshima ya mtu mnene.

Bwana akasema nipande mizanini. Nikapanda. Akatafuta mawe ya kunipimia. Hayapo. Nimeyavaa!

Miaka yote hii ni karani wa mizani, na jambo hilo halikunijia kichwani. Jasho likanitoka. Nikasema mawe yamepelekwa Kilosa kukaguliwa na serikali. Bwana akaitukana serikali kwa Kigiriki, akaagiza ubao mrefu ulazwe juu ya pipa, Samweli, ambaye uzito wake hospitali imeshaupima, akae ncha moja, mimi ncha ya pili. Korona nzima, kiwanda chetu cha mkonge, ilisimama, hata mashine ya kusaga mkonge ikazimwa, watu wakaja kutazama. Ubao ukapanda, ukashuka, ukapanda. Ukatulia. Sawasawa kabisa!

Bwana Yorgo akanichagua mimi, kwa kuwa Samweli anahitajika kuleta petroli kwa lori, nami najua kusoma tarakimu. Samweli alinitazama sana. Akasema hajapata kumwona Mngoni mwembamba mwenye uzito wa ng'ombe. Nikamwambia uzito wetu uko kwenye akili.

Alhamisi, 16 Juni

Matatizo madogo madogo. Siwezi kulivua koti, maana Bwana Yorgo anazunguka kila mahali na atashangaa nikipungua ghafla. Jua kali. Bi Joha anadhani nina homa ya baridi, ameniletea mwarobaini mara mbili, na nimekunywa mara mbili ili nisimvunje moyo. Mawe yakiwa mwilini mwangu, marobota nayapima kwa macho. Nalitazama robota, nalo linanitazama, naandika uzito wa jana. Hakuna aliyelalamika. Nimegundua kwamba mizani si ya lazima sana.

Nilipita kwa Mzee Mathias kama kwa bahati mbaya. Verdiana akaniuliza kama naumwa. Nikasema hivi ndivyo wanavyovaa marubani, huko juu kuna baridi. Akanipa kigoda. Nilikaa, kigoda kikavunjika miguu yote, nikabaki chini kwenye pumba. Nilijaribu kuinuka, koti likakataa. Verdiana akanishika mkono mmoja, akaninyanyua mara moja tu, kisha akakitazama kiganja chake. Akasema mimi mzito kuliko ninavyoonekana.

Nimeichukua kama sifa. Nimeshindwa kulala kwa furaha, na kwa sababu ya boliti.

Ijumaa, 17 Juni

Leo tumetundikwa wote. Bwana Yorgo mbele, mimi na koti nyuma, ndege juu ya kamba ile ile. Watu wakashika mabawa, wakaachia. Ikatulia! Pua sawa, mkia sawa. Simoni aliweka bakuli la maji sakafuni mwa ndege, na maji hayakuelemea upande wowote. Bwana Yorgo machozi yalimtoka. Akageuka, akanishika bega, akasema mimi ndiye mtu hasa aliyekuwa akimtafuta. Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, hata mama yangu.

Kisha akatoa amri. Kuanzia sasa hakuna kuongeza kitu wala kupunguza. Hata kofia. Uzito ni ule ule na mahali ni pale pale, la sivyo tutakufa wote wawili. Neno hilo la mwisho alilisema kwa kawaida sana, kama mtu anayeagiza chai. Nikaona baridi ndani ya koti.

Simoni aliniuliza kwa nini nikitembea nalia kama minyororo. Nikamwambia ni rozari.

Jumamosi, 18 Juni

Samweli amekuja na hakula chakula changu. Nilishtuka. Alikaa mlangoni akiwa mpole, akasifu koti. Akauliza ni la kitambaa gani.

Hapo ningenyamaza. Lakini mtu aliyelala siku zote kwenye kivuli cha lori la mwenzake, akipata nafasi ya kuringa, atanyamazaje? Nikamwambia koti hili limeshonwa Ulaya. Nikamwambia ndilo siri ya kuruka kwangu, bila koti hili hakuna safari, na kwamba hata akiuza lori halipati. Samweli akaitikia kila neno. Akaaga kwa adabu.

Naona ameanza kuniheshimu.

Jumapili, 19 Juni

Naandika nimelala kifudifudi.

Misa ilikwisha mapema, Mzee Mathias mwenyewe akiwaharakisha watu. Uwanja umefyekwa kando ya mkonge mchanga. Waumini wote pale, Waislamu wote pale, hata watu wa Masanze wamekuja kwa miguu na chakula chao. Verdiana alisimama mbele, gauni la buluu, mikono kiunoni. Nikapanda kiti cha nyuma, Simoni akanifunga kwa kamba kiunoni, chini ya koti. Pangaboi likazungushwa. Injini ikanguruma, vumbi, moshi, sikusikia hata sala zangu.

Ndipo walipotokea watani. Wahehe wote wa shambani, Samweli mbele, wamejipaka majivu, wanalia! Wananililia maiti ningali hai! Mmoja ameleta jembe la kuchimbia kaburi, mwingine anasimulia maisha yangu, ambayo kwa maelezo yake yalikuwa mafupi na ya njaa. Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Nami nikacheka, ningefanyaje, Verdiana anatazama. Samweli akasogea kwenye kiti changu, akatangaza kwamba mtani hurithi nguo za marehemu. Akanivua koti.

Nilipiga kelele. Nilisema ukweli wote, nikataja mawe moja moja. Injini ilimeza kila neno. Bwana Yorgo, aliye mbele na pamba masikioni, hakugeuka. Niligonga ubao nyuma yake kwa ngumi zote mbili. Alidhani namwambia twende.

Tukaenda.

Kwa kitambo kidogo ilikuwa raha, lazima niseme. Mkia ukainuka. Nikasema haya, ndiyo kuruka huku! Ukazidi kuinuka. Ukaendelea. Pua ikainama, pangaboi likaanza kulima, likavunjika, injini ikajizika kwenye udongo wa Mgiriki mwenyewe, na ndege ikasimama wima. Mimi nikabaki kileleni, nimening'inia kwa kamba, juu kuliko paa la banda.

Vumbi likatulia. Nikatazama chini. Samweli alikuwa amelivaa koti na limemkalisha chini, hawezi kuinuka, mfuko umepasuka na mawe ya mizani yamezagaa mbele ya kanisa zima. Bwana Yorgo akatambaa nje, udongo kwenye masharubu, mzima. Akayaona mawe. Akanitazama. Akayatazama tena.

Nilimwona Mzee Mathias. Nikakusanya sauti yangu yote, nikamwuliza kama ananiona. Akasema ananiona. Nikamwuliza niko wapi. Mzee ni mtu wa haki. Alifikiri sana, akavua kofia, akakiri mbele ya watu kwamba niko juu.

Juu ni juu! Hatukuwekeana urefu! Nikafunguliwa kamba kwa ushindi, na nikaanguka.

Jumatatu, 20 Juni

Nimeondolewa mizanini. Kuanzia leo nazoa makapi ya mkonge nyuma ya korona, ambako harufu yake inafukuza hata nzi. Bwana Yorgo hakunipiga. Alinieleza tu, taratibu, kwamba kama tungepata kuondoka ardhini tungezikwa leo. Afadhali angenipiga. Kisha akasema ataitengeneza ndege, bado anahitaji mtu wa kiti cha nyuma, na safari hii atampima yeye mwenyewe.

Samweli akajitokeza. Nikajitokeza na mimi, kwa mazoea. Akajitokeza Verdiana.

Alikuwa amekuja na baba yake kuhusu ile habari ya mahari. Akauliza kama kiti kinachagua mtu au kinachagua uzito. Bwana Yorgo akasema uzito. Verdiana akavua viatu, akapanda mizanini. Gauni lake halina mfuko hata mmoja. Mawe yakapangwa, yale yale, yakiwa bado na vumbi la uwanjani. Ratili mia na sitini na mbili. Samweli akapanda baada yake. Mia na sabini na moja, na ratili hizo kumi na moja ni za ugali wangu!

Verdiana akachaguliwa; zile mbili zilizozidi Bwana Yorgo alisema atazipunguza kwenye mbao za kiti. Mzee Mathias alisema atatafuta katika katekisimu mahali panapokataza, akaondoka, akarudi baada ya chakula cha mchana, hakupaona. Verdiana akasema posa zote mbili zingoje, atajibu atakaposhuka. Ndipo akanitazama na makapi yangu. Akacheka! Mara ya kwanza namwona anacheka, na ni kwa ajili yangu, si kwa ajili ya Samweli. Nikalazimika kuinamia makapi kwa muda, macho yalikuwa yananiwasha.

Nimewaza jioni nzima. Kosa langu nimeliona: nilikuwa nagombea kiti cha nyuma. Kiti cha nyuma ndicho kinachopimwa. Cha mbele je? Nani amewahi kumpima rubani? Bwana Yorgo anazeeka, masharubu yamejaa udongo, atachoka. Akichoka, Verdiana nyuma, nani mbele?

Nimeanza masomo leo leo. Nimekaa juu ya debe, mpini wa jembe katikati ya magoti kama usukani, Bi Joha akinisukuma mgongoni kwa ajili ya upepo. Kabla ya magharibi nilikuwa nimeshavuka Mikumi.