Malalamiko Dhidi ya Saa Iliyomo Kichwani Mwangu

Kwa Mwenyekiti wa Kikao cha Familia,
ambaye pia ni binti yangu wa kwanza,
Chumba cha mbele, nyumba hii hii.

Mheshimiwa mwanangu,

Kuhusu: Kupinga uhamisho wangu wa Jumamosi

Daktari ameshanitazama kwa lile jicho wanalotazamiwa watu wasiohitaji kununua kalenda mpya, kwa hiyo sina tena sababu ya kuficha. Nimeficha kwa muda mrefu kwamba kichwani mwangu mna mtumishi aliyenishinda. Mimi, afisa utumishi, niliyewaandikia onyo madereva, makarani na hata mkurugenzi mmoja aliyekuwa akikoroma vikaoni, nimeshindwa kumtia adabu mtumishi asiyefikia ukubwa wa punje ya mchele. Ni saa ya mwilini. Daktari anasema imejibanza nyuma ya macho na ndiyo inayotuamuru lini tulale, lini tuamke. Ndiyo pia iliyosababisha mkaamua kunihamishia chumba cha uani, mimi na mama yako tutengane vitanda baada ya maisha mazima ya kugombea shuka moja.

Sababu yenu nimeisikia. Ulisema mbele ya wote, "Baba, alfajiri unamwamsha mama kwa soga zako, na ubongo wake ndio unaohitaji usingizi kuliko wetu sote." Kumbukumbu ya mama yako inapukutika, hilo hakuna asiyeliona. Lakini kumwadhibu mwajiri kwa kosa la mtumishi ni kinyume cha taratibu zote nilizowahi kuzisimamia. Mkosaji ni saa. Mashtaka yake haya hapa.

1. Kuwahi kupita kiasi. Saa hii inafungua ofisi kabla ya jogoo wa jirani. Nimewahi kusimama dirishani nikamwona jogoo mwenyewe amejikunyata juu ya banda, akanitazama kama anayeuliza, mzee, kwema? Kisha jioni, taarifa ya habari ikianza tu, saa inafunga ofisi bila kuaga. Kidevu kinashuka, kinapanda, kinashuka. Mumeo akawaambia wageni, "Mnamwona baba? Siku hizi anakubaliana na serikali kwa kila jambo." Sifa yangu ya upinzani, niliyoijenga tangu ujana, imekwenda na maji.

2. Kuharibu mali ya mwajiri, yaani ubongo. Nimeelezwa kwamba mtu akilala, ubongo hufagiliwa kama ofisi baada ya watu kuondoka, taka za mchana zikatolewa nje. Asipolala vya kutosha, mfagizi hapati nafasi. Wangu naona ameegemeza ufagio mlangoni akaenda zake. Wiki iliyopita miwani yangu ilipatikana kwenye jokofu, imepoa vizuri, kando ya maziwa. Juzi nikipita sebuleni niliitikia "Marahaba!" kwa koti la mumeo lililotundikwa mlangoni. Koti halikuwa limeniamkia. Nikaliuliza habari za kwao. Kibaya zaidi, nikasimama kusubiri jibu.

3. Upendeleo. Mjukuu wangu, huyu binti mnayemwita Popo, likizo nzima analala mpaka jua la utosi. Daktari anamtetea: saa za vijana huchelewa, ndio umri wao. Za wazee huwahi, nao ndio umri wao. Vyema. Ila Popo akichelewa anawekewa chai kwenye chupa, mimi nikiwahi nahamishwa. Nimehudumu miaka mingi, sijaona kosa moja likamletea mmoja chai na mwingine uhamisho. Popo mwenyewe alisema kikaoni, "Babu, mimi nikiingia kulala wewe unatoka. Nyumba hii ina walinzi wa zamu na hamjui." Hiyo ndiyo kauli pekee ya maana iliyotolewa siku ile, na mkaicheka.

4. Kukataa hongo. Ndiyo, nilijaribu. Daktari alisema saa hii haisikii maneno, inasikia mwanga tu, na kwamba mwanga wa jioni waweza kuichelewesha. Basi nikawa nakaa uani jua likielekea kuzama, kofia kichwani, nimeelekea magharibi kama alizeti. Saa haikusogea hata kidogo. Nilichoambulia ni mafua, na jirani kuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimekosana na watu wa ndani.

Kwa hoja hizo naomba uhamisho ufutwe na saa isimamishwe kazi.

Kama sheria za mwili haziruhusu, basi nyumba nzima ihamie kwenye saa yangu. Chakula cha usiku kiliwe alasiri. Taa zizimwe jua likizama. Popo aamke nami, tuanze kufua na kuhamisha makabati. Majirani hawataweza kulala kwa kelele, kwa hiyo watatufuata. Mtaa ukifuata, mji hauna ujanja. Mumeo atakuwa wa kwanza kufika kazini, jambo ambalo wakubwa zake, kwa ninavyosikia, wamelitamani siku nyingi. Na mji wote ukishaamka kwa saa yangu, atakayebaki anachelewa kazini ni jua peke yake. Barua yake ya onyo nimeshaiandika, inangoja sahihi yako.

Nakitegemea kiti chako, mwanangu, kiti ambacho miguu yake iliyolegea niliikaza mwenyewe kwa misumari. Msalimie mumeo, na koti lake. Msalimie Popo atakapoamka. Msalimie shangazi yako anayekuja mchana kukaa na mama yako, Mungu ampe nguvu. Na jogoo wa jirani mpe pole ya kazi.

Mtiifu wako, na mzazi wako,
Afisa Utumishi (Mstaafu)

Nakala: Daktari. Jua.

Baada ya sahihi: Nimeirudia barua hii kuisoma. Ingeletwa mezani kwangu zamani zile ningeirudisha, maana shahidi mkuu hakuulizwa. Mimi simwamshi mama yako. Huamka mwenyewe alfajiri, akanigusa bega, akaniita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita, "Bwana Faili, umelala?" Kisha anavicheka viatu vya kuazima nilivyovaa siku ya harusi yetu, namna vilivyonibana nikacheza kama bata, nami nacheka mpaka ninyi mnagonga ukuta. Saa ile ananijua. Alasiri akinikuta sebuleni husimama, akaniwekea kiti kwa adabu zote: "Karibu, baba. Mwenye nyumba hajarudi, ila hakawii. Msubiri hapo." Mara ya kwanza nilidhani ananitania. Kwa hiyo saa haina kosa, ifutiwe mashtaka yote, nimeipindua mwenyewe. Lile gazeti ninaloaga kwenda kulisoma chumba cha uani kila baada ya chakula cha mchana silisomi, na pale kwenye jua la jioni nilikuwa nimelala chini ya kofia. Ninalala mchana kwa makusudi, mwanangu, ili alfajiri isinipite, na ili alasiri nisiwepo mbele ya mama yako wakati hanijui.